Masta ya uongozi wa hospitali: UNILU, Lusaka au mtandaoni?

Swali: Yaya, mimi ni muuguzi, nina miaka 33, niko hapa Lubumbashi. Nilipata gradua ya uuguzi ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, halafu lisansi ya usimamizi wa taasisi za afya hapo hapo, mfumo wa zamani. Sasa niko kwenye ofisi ya fakitire, yaani ankara, ya hospitali moja ya binafsi upande wa Kampemba, na wagonjwa wetu wengi wanaletwa na kampuni za madini. Fakitire nyingi zilikuwa zinarudishwa na kampuni kwa makosa ya boni, ile karatasi ya kampuni inayomruhusu mgonjwa kutibiwa. Nikaomba boni zikaguliwe mapokezi, zikapungua. Sasa nataka masta ya uongozi wa hospitali. Daktari mkurugenzi wetu anasema nifanye afya ya umma UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Rafiki yangu ananiita Lusaka. Na kwenye simu kila siku naona matangazo ya MBA ya afya ya mtandaoni, miezi kumi tu. Nina pesa ya kusoma mara moja, na watoto wawili. Nichague ipi, na dosiye niiandae vipi?

Jibu: Mdogo wangu, umenitajia shule, lakini hujanitajia kiti. Ukishapata hiyo masta unataka ukae wapi, na nani atakuwa anakulipa? Lazima nianzie hapo, maana njia tatu ulizoandika hazifiki mahali pamoja.

Upande wa serikali, nchi yetu ina majimbo 26 na zoni za afya 519. Zoni inaongozwa na daktari mkuu wa zoni, na hospitali kuu ya rufaa inaongozwa na kamati tunayoiita CODI: daktari mkurugenzi, mkuu wa uuguzi, AG (msimamizi wa hospitali) na wenzao. AG ndiye mwenye fedha, watumishi, ununuzi na majengo. Kiti cha daktari mkurugenzi ni cha daktari, na masta haitakupandisha hapo hata ukiileta kutoka Harvard. Nakuambia mapema kwa sababu nimeona watu wakirudi na diploma nzuri, wakakuta kiti walichokiota kina mwenyewe kwa utaratibu, wakabaki wanalalamika miaka. Kwa hiyo serikalini unalenga uAG, au ofisi ya fedha, ya watumishi au ya mipango kwenye DPS, ofisi ya afya ya jimbo. Si viti vidogo. Oksijeni ikiisha usiku, madaktari wote wanamgeukia AG. Lakini ni viti vya kumshauri daktari kwa hesabu, na kama huna hesabu, CODI itakusikiliza kwa adabu tu.

Upande wa pili ni mashirika. Miaka mingi vijana wetu wamesoma afya ya umma wakiwa na ndoto moja: mradi wenye gari na mshahara wa dola. Ndoto hiyo imepungua uzito tangu Marekani ilipoifunga USAID, shirika lake la misaada, mwaka 2025, na watu wenye uzoefu mkubwa kuliko wako na wangu wakajikuta sokoni kwa wakati mmoja. Sisemi mashirika yamekwisha. Nasema usilipe pesa yako ya pekee ukitegemea mradi ambao haujaandikwa.

Upande wa tatu ndio uliomo tayari, na nashangaa hukuutaja kama njia. Lubumbashi ni mji wa peke yake kwa jambo hili. Tangu enzi za Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, na baada ya utaifishaji wa 1967 ilipokuja Gécamines ya serikali, hospitali hapa imekuwa jambo la mwajiri: baba akiwa na kazi, nyumba nzima ina daktari. Mambo yalibadilika, Gécamines ikaanguka, wakaja wawekezaji wapya, lakini desturi ilibaki. Leo kampuni inasaini mkataba na kliniki, na kliniki inaishi kwa fakitire. Nani anajua kuandika mkataba huo usioifilisi kliniki? Nani anajua kupanga bei, kufuatilia madeni, kukataa kwa heshima ombi la punguzo la kampuni yenye wafanyakazi elfu tatu? Madaktari wazuri tunao. Watu wa kazi hii ni wa kutafuta kwa tochi. Na wewe umeshakaa kwenye meza ile inayopokea fakitire zilizokataliwa.

Sasa tuje kwenye masta zenyewe. Majina yanadanganya, basi usiangalie jina. Omba orodha ya masomo, na idadi ya saa au kredi za kila somo, kisha chukua kalamu na upige mstari chini ya kila somo linalogusa pesa, watu, ununuzi, sheria au uendeshaji wa kila siku wa hospitali. Masta ya afya ya umma ya kawaida itakupa epidemiolojia, takwimu, afya ya mazingira, uzazi na lishe, mbinu za utafiti, na kozi moja au mbili za usimamizi. Masta ya usimamizi wa huduma za afya inageuza uwiano huo: uhasibu, gharama, bajeti, watumishi, ugavi wa dawa, ubora wa huduma, na epidemiolojia kidogo ya kukuwezesha kuelewana na madaktari. MBA yenye mwelekeo wa afya inakupa biashara kamili, masoko na mikakati na fedha za kampuni, halafu hospitali kama mfano mmojawapo.

Daktari wako mkurugenzi anakushauri kwa nia njema, lakini anakushauri njia inayomfaa daktari. Yeye akitaka kuwa daktari mkuu wa zoni, afya ya umma ndiyo hasa anayoihitaji: milipuko, chanjo, takwimu za SNIS, mfumo wa taifa wa taarifa za afya, kwenye programu ya DHIS2, usimamizi wa vituo vya afya. Wewe umeshamaliza miaka mitano, mitatu ya uuguzi na miwili ya usimamizi. Ukienda kwenye masta ya afya ya umma isiyo na chaguo la uongozi, mwaka wa kwanza utajifunza mambo mapya mazuri, na mwaka wa pili utagundua bado hujui kukokotoa gharama ya siku moja ya kitanda.

Ukitaka kujua ugomvi huu umetoka wapi, huko Marekani kozi ya kwanza ya ngazi ya masta kwa ajili ya wasimamizi wa hospitali ilifunguliwa Chicago mwaka 1934. Waliamua mapema kwamba kuendesha hospitali ni kazi yenye shule yake. Ufaransa nao wana shule yao Rennes, EHESP, inayowafundisha wakurugenzi wa hospitali za umma, na wengi wao si madaktari. Kwetu hospitali imebaki mikononi mwa daktari, na msimamizi anakaa pembeni yake. Ndiyo maana hapa kwetu masta za afya ya umma zilitangulia, na za uongozi wa hospitali zinakuja kwa kuchechemea.

UNILU ina Shule ya Afya ya Umma, na faida yake kwako ni kubwa: hutaacha watoto, hutaacha kazi yote, na walimu wanazijua zoni za Lubumbashi kwa majina. Ningeikubali kwa masharti mawili. La kwanza, wakuonyeshe kwa maandishi kwamba mwaka unaoomba wanafungua mwelekeo wa usimamizi wa mifumo au huduma za afya. Ahadi ya mdomo kwamba «tutafungua tukipata watu wa kutosha» isikutoe dola hata moja. La pili, wakukubalie memwari, yaani tasnifu ya mwisho, juu ya fedha za hospitali, na akuongoze mtu anayejua uhasibu. Katika masta zetu memwari ndiyo inayomtofautisha mtu na mwenzake. Wawili wanatoka promosheni moja: mmoja ameandika juu ya «maarifa na mitazamo ya akina mama kuhusu» jambo fulani, mwingine ameandika gharama halisi ya upasuaji wa kujifungua katika hospitali mbili za Lubumbashi. Kliniki itamwita nani?

Uliza pia utaanzia wapi. Wewe una lisansi ya mfumo wa zamani, yaani miaka mitano. Lisansi ya LMD, yaani mfumo mpya wa lisansi, masta na udaktari, ni miaka mitatu, kredi 180, na masta ni kredi 120. Kila kitivo kina namna yake ya kuwapokea watu wa zamani: kuna watakaokuanzisha mwaka wa kwanza wa masta kama vijana wa LMD, kuna watakaokubali kukupunguzia. Tofauti ni mwaka mzima wa minervali, yaani ada ya chuo. Pata jibu lenye muhuri.

Kinshasa kuna Shule ya Afya ya Umma ya UNIKIN, Chuo Kikuu cha Kinshasa, iliyoanza miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Tulane. Ina jina, ina watafiti, na waliopita pale wamejaa wizarani. Ila kwa lengo lako hoja ni ile ile ya UNILU, na juu yake ongeza ndege na nyumba ya kupanga.

Dakar hukuitaja, nami ndiyo ningeiweka mbele. CESAG ni shule ya usimamizi ya kanda ya Afrika Magharibi na ina taasisi yake maalumu ya usimamizi wa afya. Unasoma kwa Kifaransa, usimamizi mtupu, na wenzako darasani ni wasimamizi wa hospitali za Senegal, Mali, Burkina Faso, Benin. Kuna sababu nyingine ambayo watu wetu wanaisahau: OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara na hesabu. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na Senegal imo. Mpango wa hesabu utakaofundishwa Dakar ndio huo huo mhasibu wako wa Kampemba anaoutumia. Tangu Januari 2024 kuna hata mpango maalumu wa OHADA wa hesabu za taasisi zisizotafuta faida, ambao unazigusa moja kwa moja hospitali za makanisa na mashirika. Ukirudi na ujuzi huo, utakuta hospitali nyingi bado zinauliza hicho kitu ni nini.

Lusaka, basi. Naelewa mvuto: basi hadi Kasumbalesa, unavuka, na rafiki ana chumba. Chuo Kikuu cha Zambia kina shule ya afya ya umma inayoheshimika. Lakini chumba cha rafiki kinapunguza kodi, hakibadilishi masomo. Utasoma sheria za Zambia, mfumo wa bajeti wa Zambia, hesabu za Kiingereza. Kama kiti chako ni idara ya afya ya kampuni kubwa ya madini ambayo ripoti zake zinakwenda kwa Kiingereza, au shirika la kimataifa, Lusaka ina maana, na hicho Kiingereza peke yake kitakulipa. Kama kiti ni AG au meneja wa kliniki ya hapa, unapanda mlima kwa upande mrefu. Ukiamua kwenda hata hivyo, waulize wanakutoza ada ya nani. Itifaki ya elimu ya SADC ya 1997 inataka wanafunzi wa nchi wanachama watozwe kama wenyeji. Utekelezaji unatofautiana chuo kwa chuo, na chuo hakitakukumbusha.

Swali hilo hilo liulize Afrika Mashariki. Tumeingia Jumuiya mwaka 2022, na vyuo vingi vya huko vina safu tatu za ada: mwenyeji, Jumuiya, mgeni. Jedwali la zamani linaweza bado kumhesabu Mkongomani kama mgeni kabisa, basi andika, dai safu yako. Mzumbe, Morogoro, wana masta ya usimamizi wa mifumo ya afya. Uganda Martyrs, pale Nkozi, wana ya usimamizi wa huduma za afya. Strathmore, Nairobi, wana MBA ya usimamizi wa afya, ambayo ni nzuri na mfuko wake ni mzito. Kote darasani ni Kiingereza. Kiswahili chako kitakusaidia sokoni Morogoro, na huko nako watakucheka kidogo.

Kuhusu hiyo miezi kumi ya mtandaoni. Sipingi masomo ya mtandaoni. Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini, kimefundisha afya ya umma kwa masafa kwa miaka mingi na watu wake wanafanya kazi nzuri. Ninachopinga ni tangazo lisilosema nani anafundisha. Waandikie na uulize mambo haya: majina ya walimu na kazi zao, mtihani unasimamiwa vipi, kuna mradi wa kufanya ndani ya hospitali au hakuna, na ithibati wamepewa na nani. Jibu la ithibati usilichukue kwao. Nenda kwenye tovuti ya mtoaji mwenyewe. Kwa masta za uongozi wa afya za Marekani mtoaji anaitwa CAHME, na orodha yake iko wazi kwa yeyote; kwa shule za biashara utakutana na AACSB, AMBA na EQUIS. Ukiona jina la «baraza la kimataifa» usilolisikia popote isipokuwa kwenye matangazo ya shule hiyo hiyo, funga ukurasa. Na kumbuka diploma ya nje, iwe ya Dakar au ya kwenye simu, ukitaka kuitumia serikalini itabidi uiombee ulinganifu kwenye wizara ya ESU, yaani ya elimu ya juu, Kinshasa. Shule isiyojulikana huko ilikosajiliwa haitajulikana Kinshasa.

Hata MBA halali ya Marekani ninakushauri uitazame vizuri. Masomo mengi yatakuwa juu ya Medicare na Medicaid, bima za serikali za huko, na bima za binafsi. Mgonjwa wetu anayelipa mfukoni, na yule mwingine aliyeruhusiwa na daktari lakini bado yuko kitandani kwa sababu ya deni, hawamo kwenye kitabu hicho.

Kwa hiyo, ningekuwa mimi: CESAG kama utapata wa kukusaidia sehemu ya gharama, UNILU kwa yale masharti mawili kama watoto hawawezi kuachwa, Lusaka nikiwa na kazi ya Kiingereza inayoningoja, na ile ya miezi kumi hapana. Ukichagua UNILU, ongeza kozi ya jioni ya uhasibu wa OHADA hapa mjini. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na masta, na itaziba shimo ambalo afya ya umma haizibi.

Basi tuingie kwenye dosiye, ambapo watu wanaangukia vitu vidogo.

Diploma kwanza. Wengi wetu tunatembea na cheti cha muda cha kufaulu kwa miaka, diploma yenyewe hatujaifuata. Ifuate sasa, pamoja na karatasi za pointi za miaka yote mitano, gradua na lisansi. Usipeleke za lisansi peke yake. Mtu wa nje akiona neno lisansi anafikiri ni ile ya Kifaransa ya miaka mitatu. Akiona ina miaka miwili tu ya karatasi, anadhani umeacha shule katikati. Mwombe katibu wa masomo wa ISTM barua fupi inayoeleza kwamba katika mfumo ule gradua ni miaka mitatu, lisansi ni miwili juu yake, jumla mitano baada ya diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari.

Barua hiyo hiyo ieleze pointi. Kwetu Satisfaction inaanza 50, Distinction 70, Grande distinction 80, na kila aliyesoma hapa anajua jinsi walimu wetu wanavyobana: mtu mwenye 64 anaweza kuwa wa tatu darasani. Mmarekani anaisoma hiyo 64 kama mtu aliyeponea chupuchupu. Kama ulikuwa na nafasi nzuri katika promosheni, iandikwe: wa ngapi kati ya wangapi. Mstari huo mmoja una nguvu kuliko kurasa za sifa. Kwa shule za Kiingereza utahitaji mtafsiri aliyeapishwa, na mtihani wa lugha. Matokeo ya TOEFL na IELTS yanaishi miaka miwili tu, kwa hiyo usiyafanye kabla ya kujua unaomba lini. Ule wa Duolingo unafanyika nyumbani kwa kompyuta na kamera, bei yake ni nafuu, lakini utafute mahali penye jenereta. SNEL, kampuni yetu ya umeme, haikuulizi kama uko katikati ya mtihani.

Barua ya maombi nitakaa nayo kidogo. Umenitumia rasimu yako, na inaanza hivi: «Tangu utoto wangu nimekuwa na shauku ya kuwahudumia wagonjwa na kuchangia maendeleo ya sekta ya afya ya nchi yangu.» Mdogo wangu, sentensi hiyo anaweza kuisaini mtu yeyote kutoka Matadi hadi Bunia. Msomaji wa dosiye ameshaipita kabla hajaimaliza. Na huku kwenye swali lako umetupa jambo la dhahabu kama kitu kisicho na maana: boni. Anza nalo. Nakuandikia kwa Kiswahili, wewe utaweka Kifaransa chako:

«Hospitali yetu inaishi kwa fakitire za kampuni za madini. Nyingi zilikuwa zinarudi bila kulipwa kwa sababu boni ya matibabu haina namba ya mfanyakazi au saini ya kampuni, na sisi tunagundua mgonjwa ameshakwenda nyumbani. Nilipendekeza boni ikaguliwe mapokezi, mgonjwa akiwa bado yuko mbele yetu. Zinazorudi zimepungua. Lakini kazi hiyo imenionyesha tatizo ambalo siwezi kulitatua kwa ujuzi nilio nao: hatujui siku moja ya kitanda inatugharimu kiasi gani, kwa hiyo hatujui kama bei tuliyokubaliana na kampuni inatulipa au inatumaliza.»

Angalia inavyofanya kazi. Inaonyesha mahali. Inaonyesha umeona kosa, umehamisha hatua moja, na matokeo yamebadilika. Kisha inafika ukingoni mwa ujuzi wako na kusema wazi unachokosa, na hicho ndicho shule inauza. Hapo kwenye «zimepungua» weka namba. Daftari la fakitire unalo: hesabu zilizorudi miezi mitatu kabla ya mabadiliko na miezi mitatu baada, na thamani yake kwa dola. Omba ruhusa kwa mkubwa wako kabla ya kuzitoa nje, na jina la kampuni usilitaje. Ukikuta upungufu ni mdogo kuliko ulivyodhani, andika huo huo mdogo. Watu wanaosoma barua hizi wameendesha hospitali, wanajua hakuna kitu kinachopungua kwa asilimia tisini kwa sababu ya karatasi moja mapokezi.

Aya inayofuata iwe ya shule: taja kozi mbili za programu yao kwa majina na useme zinagusa nini katika tatizo lako. Aya ya mwisho, utarudi wapi. «Kuendeleza nchi» ni kusema hujui. «Kuwa msimamizi wa fedha wa hospitali inayohudumia wafanyakazi wa migodi Lubumbashi» ni kusema unajua. Kurasa mbili zinatosha.

Pesa. Usihesabu minervali peke yake. Hesabu mshahara utakaoukosa, chumba, visa, tafsiri, memwari na uchapishaji wake, na yule atakayekaa na watoto. Bourse, yaani ufadhili wa masomo, zipo ila ni chache. Chuo Kikuu cha Senghor, Alexandria, Misri, kiko chini ya Francophonie, jumuiya ya nchi za Kifaransa, kinafundisha kwa Kifaransa na kinatoa bourse. Upande wake wa afya umeelemea afya ya kimataifa kuliko hesabu za hospitali. Ubelgiji ina ARES, chombo cha vyuo vya upande wao wa Kifaransa kinachotoa bourse, na ina Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp kwa wenye uzoefu wa mifumo ya afya. Bourse za Commonwealth usipoteze usiku wako, sisi si wanachama. Na kabla ya hizo zote, zungumza na hospitali yako: watu wenye fakitire zinazorudi wana sababu ya kulipia nusu ya masomo ya mtu anayezipunguza, kwa mkataba kwamba utafanya nao kazi miaka kadhaa baadaye. Mkataba huo uandikwe, usomwe na mtu wa sheria, na useme nini kinatokea hospitali ikifungwa au ikikuachisha.

Mwisho ni barua za mapendekezo, maana najua utaziacha hadi wiki ya mwisho. Unahitaji mbili au tatu. Mwalimu mmoja wa ISTM aliyesimamia kazi yako ya lisansi, na wawili wa kazini. Daktari mkurugenzi lazima awemo, hata kama utaacha ushauri wake wa UNILU. Mwendee mwenyewe ofisini, mweleze kwa nini, usimwache alisikie kwa wengine. Wa pili awe mhasibu mkuu, ambaye ndiye aliyeziona fakitire zikipungua. Kila mmoja mpe karatasi moja: tarehe ya mwisho, kozi unayoomba, na ile hesabu yako ya miezi mitatu na mitatu, ili asiandike tu kwamba wewe ni mtu wa nidhamu na uchaji Mungu. Wape mwezi mzima, na baada ya wiki mbili pita kuwasalimia.